Kumpa Mtoto Kitanda Siyo Kumlea: Somo Kutoka Buigiri, Chamwino

  Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo. Mada ni ndefu, kwa hiyo nimeigawa kwa vichwa vidogo. Kama uko kafe na dakika zako zinakimbia, anza na kile kinachokugusa, kingine utarudi.

Ukitaja Chamwino siku hizi, mtu wa mbali anafikiria Ikulu, ile iliyozinduliwa Mei 20, 2023. Sawa, ni jambo kubwa. Lakini jirani na hapo, kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, kuna Buigiri. Unaweza kupita na basi mara mia usijue kwamba hapo ndipo ilipoanzia shule ya kwanza ya watoto wasioona katika nchi hii. Kanisa la Anglikana liliianzisha mwaka 1950, wakati huo Tanganyika bado iko chini ya Waingereza. Watoto wanasoma pale na kulala pale pale. Wapo wasioona kabisa, wapo wenye uoni hafifu, wapo wenye ualbino.

Sasa fikiria mtoto anayepelekwa shule ya bweni ya namna hiyo, popote nchini, akiwa na miaka saba au nane. Nyumbani anarudi likizo ya Juni na ya Desemba, tena kama nauli imepatikana. Piga hesabu mwenyewe. Siku nyingi za utoto wake anazimaliza bwenini. Mwalimu anamfundisha, hilo tunalijua. Lakini nani anamlea? Nani anajua kwamba huyu akinyamaza hivi ujue anaumwa, na yule akicheka sana ujue kuna kitu kimemuudhi?

Hoja yangu leo ni hii. Makao mazuri ni yale yanayojibadilisha kumfuata mtoto, siyo yale yanayomlazimisha mtoto ajibadilishe ayafuate yeye. Na hata yawe mazuri vipi, hayatakiwi kumfungia mtoto njia ya kurudi kwao. Twende taratibu.

KWANZA, TUELEWANE: MAKAO NI NINI?

Mtaani tunasema "kituo cha yatima", tumemaliza. Sheria inasema makao ya watoto. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 (Zanzibar wana ya kwao ya mwaka 2011) inataka makao yawe na leseni, na mwaka 2012 zikatoka kanuni za namna ya kuyaendesha. Yaani huwezi kukodi nyumba, ukaokota watoto ishirini, ukaweka bango getini na namba ya akaunti, basi ukajiita kituo. Kuna afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ambaye kazi yake ni kukagua na kufuatilia.

Lakini mtoto analelewa nje ya kwao katika sehemu nyingi zaidi ya hizo: mabweni ya shule maalumu kama Buigiri, mabweni ya vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida, nyumba salama za waliokimbia ukeketaji au ukatili, hata mahabusu za watoto. Majina tofauti, maswali yale yale: anakula nini, analala wapi, nani anamsikiliza, atatoka lini.

Kitu kingine. Jina "yatima" linatudanganya. Duniani kote, watoto wengi walioko kwenye makao wana mzazi mmoja au wote wawili wako hai. Wamefikishwa pale na umaskini, na ulemavu, na ugomvi wa nyumbani, au na kijiji kusema mtoto huyu ni mkosi. Kumbuka hilo, kwa sababu tutalirudia.

USAWA SIYO KUFANANA

Ukienda makao mengi utaambiwa kwa fahari, "Sisi hapa hatubagui, watoto wote tunawatendea sawasawa." Inapendeza kusikia. Lakini mara nyingi hapo ndipo ubaguzi unapojificha.

Chukua mfano wa jua letu la Dodoma, maana huku jua halina utani. Makao yana ratiba: saa saba mchana kila mtoto anafua nguo zake nje. Wote sawasawa, si ndiyo? Kumbe kuna mtoto mwenye ualbino hapo. Ngozi yake haina kinga ile tuliyonayo wengine, na kila siku anayochomwa ni hatua moja kuelekea saratani ya ngozi. Kumwambia afue saa saba ni kumuumiza. Kumwambia asifue kabisa, akae ndani wenzake wakifanya kazi, nako ni kumtenga, na wenzake watamwita mvivu. Jibu ni jepesi na halihitaji mfadhili: kufua kuhamishiwe saa kumi na mbili asubuhi au jioni, kwa wote. Kazi ile ile, saa nyingine. Ongeza kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua. Hayo siku hizi yanatengenezwa hapa hapa nchini, pale KCMC Moshi, yanaitwa Kilisun. Na kwa kuwa ualbino unakuja pia na uoni hafifu, darasani akae mbele, mbali na dirisha linalommulika.

Umeona? Kilichobadilika ni ratiba, siyo mtoto. Sasa tupite kwa wengine.

Mtoto asiyeona. Chumba anakijua kwa miguu na mikono. Ukihamisha meza bila kumwambia, umemharibia ramani yake. Mlango ufunguliwe wote au ufungwe wote, maana ule ulioachwa nusu ndio unaompasua paji la uso. Kitanda chake kiwekewe alama ya kushika, kama kipande cha kitambaa au kamba yenye fundo. Ndoo isiachwe njiani. Ukimkuta, mtaje jina na utaje lako, siyo kumshika ghafla mkono na kumvuta. Mpe kiwiko akishike yeye, utangulie nusu hatua. Na kazi afanye! Kutandika, kuosha vyombo, kukuna nazi. Anayefanyiwa kila kitu atafika miaka 18 hajui kuwasha jiko.

Mtoto kiziwi. Tunadhani tatizo lake ni darasani tu. Kumbe usiku ndio mbaya zaidi. Taa ikizimwa, wenzake wanaendelea kupiga stori gizani, yeye mazungumzo yamekatika, maana mikono haionekani. Taa moja ndogo iachwe. Na matroni ajifunze lugha ya alama, siyo mwalimu peke yake. Mtoto hawezi kusubiri Jumatatu mwalimu aje ndipo aseme tumbo linamuuma.

Mtoto asiyetembea. Makao yana kompyuta ya msaada lakini choo kina ngazi mbili na tundu la kuchuchumaa. Matokeo yake mtoto anakunywa maji kidogo asije akahitaji choo. Fundi wa kawaida wa hapa hapa kijijini anaweza kujenga mteremko wa saruji na kiti cha matofali chenye tundu.

Mtoto mwenye kifafa. Dawa kila siku bila kuruka, na asiachwe peke yake karibu na jiko la kuni wala kisimani. Bado kuna watu wanaamini kifafa kinaambukiza kwa povu la mdomoni, kwa hiyo mtoto akianguka wanakimbia. Hakiambukizi. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kitu mdomoni, subiri naye.

Mtoto anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Hapa ni siri. Ile tabia ya kusimama mstarini na kuita "wa dawa njooni huku" inamtangaza mtoto kwa bweni zima, na kesho hata kikombe chake hakiguswi. Dawa zinatolewa kimya, mahali pamoja na wanaokunywa za mafua.

Mtoto mwenye lugha yake na dini yake. Anakuja hajui Kiswahili, anajua Kigogo au Kisandawe tu. Akikuta hata mtu mmoja anayemwambia "mbukwa", moyo unatua. Na kama makao ni ya kanisa, mtoto wa Kiislamu aachwe afunge Ramadhani na apikiwe daku, kama umri unaruhusu. Kama ni ya Waislamu, mtoto wa Kikristo aende kanisani Jumapili.

Haya siyo hisani. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumbagua mtoto, na kwenye orodha yake kuna ulemavu, afya, dini, lugha na kabila. Tanzania pia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikapitisha sheria yake yenyewe ya watu wenye ulemavu.

MLEZI NDIYE NYUMBA

Tuseme sasa jengo liko poa, mteremko upo, taa ipo. Bado mtoto anaweza kunyauka. Kwa nini?

Hapa inabidi tutoke Chamwino kidogo mpaka Romania. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989, dunia ikaona maelfu ya watoto kwenye vituo vya serikali. Walikuwa wanalishwa, wanabadilishwa nguo, wana vitanda. Lakini walezi walikuwa wachache na wa zamu, hakuna wa kumbeba mtoto na kumsemesha. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani wakaanza utafiti jijini Bucharest na watoto wadogo 136 waliokuwa vituoni. Kwa kura, nusu wakapelekwa kwa familia za malezi, nusu wakabaki na huduma za kawaida. Matokeo ya akili yalichapishwa mwaka 2007: waliopelekwa kwenye familia waliwapita wenzao, na waliopelekwa mapema, kabla ya kutimiza kama miaka miwili, ndio walionufaika zaidi. Chakula walikula wote. Tofauti ilikuwa mtu.

Kwa hiyo ukitaka kupima makao, usihesabu vitanda. Uliza: mlezi mmoja ana watoto wangapi? Amekaa hapo muda gani? Je, mtoto huyu ana mtu mzima mmoja anayeweza kusema "huyu ni wangu"? Ndiyo maana mpango wa vijiji vya SOS, ulioanzishwa na Hermann Gmeiner huko Austria mwaka 1949 na ambao kwetu upo Zanzibar, Arusha, Dar es Salaam na Mwanza, ulijengwa kwa nyumba ndogo ndogo zenye mama, siyo ukumbi wa vitanda mia. Hapa Dodoma mjini tuna Kijiji cha Matumaini, kilichoanzishwa mwaka 2002 na mapadre na masista wa Katoliki kwa ajili ya watoto yatima na wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Nacho kinawalea watoto kwa nyumba za kifamilia. Hata bweni kubwa linaweza kuiga: gawa watoto makundi ya wanane au kumi, wakubwa na wadogo pamoja, wanaoona na wasioona, kila kundi na mlezi wake, meza yake, na siku yake ya kupika mlenda wanavyopenda wenyewe.

Na walezi wenyewe jamani! Matroni analipwa kidogo, analala kwenye chumba cha pembeni, anaamka usiku mara nne, hana likizo, halafu tunashangaa anafoka. Mlezi aliyechoka hawezi kumbembeleza mtu. Mfadhili anayeleta mabati angeuliza pia mshahara wa matroni ni kiasi gani.

Nipime malezi kwa kitu kidogo tu: kukojoa kitandani. Mtoto aliyetengwa na kwao, au aliyeona mabaya, anaweza kukojoa kitandani hata akiwa na miaka kumi. Kuna sehemu anatolewa nje na godoro kichwani, wenzake wanaimba. Hapo mmemtibu nini? Mmemfundisha kuogopa kulala. Malezi yanayosaidia ni haya: nailoni chini ya shuka, kuamshwa mara moja usiku, shuka ya pili kabatini, na asubuhi anajibadilishia kimya bila mtu kujua. Gharama yake haifiki hata bei ya kreti mbili za soda.

USALAMA UWE WA KILA MTU

Hapa sitaki mzaha. Agosti 2009 bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi, Iringa, liliungua usiku. Wanafunzi 12 walikufa. Oktoba 25, 2022, moto uliwaka bwenini katika shule ya wasioona ya Salama, wilaya ya Mukono nchini Uganda. Watu 11 walikufa, wakiwemo watoto wasioona.

Soma tena hiyo ya pili. Mtoto asiyeona, usiku, moshi, kelele, watu wanakimbia na kugongana. Kama njia ya kutokea hajawahi kuitembea kwa miguu yake mara ishirini, ataijua wapi usiku huo?

Kwa hiyo: bweni lisifungwe kwa kufuli kwa nje. Milango iwe miwili. Dirisha lenye nondo liwe na sehemu inayofunguka kwa ndani. Mishumaa na vibatari hapana. Mazoezi ya kutoka yafanyike kila muhula, na mengine yafanyike usiku. Kengele isiyosikika na kiziwi siyo kengele, iwepo na taa ya kuwaka na kuzima. Asiyetembea alale chini karibu na mlango, na ajulikane kwa jina nani anamtoa. Kama hilo halijapangwa mchana, usiku halitapangika.

Usalama mwingine ni wa mtoto dhidi ya watu wazima, na dhidi ya wenzake wakubwa. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Kwenye bweni maana yake nini? Kuwe na mtu wa nje ya makao anayekuja, watoto wanamjua, na wanaweza kuongea naye bila mkuu wa kituo kusikiliza. Kuwe na namna ya kulalamika inayofaa hata asiyeandika, asiyeona, asiyeongea kwa mdomo. Sanduku la maoni ukutani halimsaidii mtoto ambaye haandiki. Na namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Ibandikwe ukutani kwa herufi kubwa na kwa nukta nundu, na simu yenyewe iwepo mahali mtoto anapofika.

BUHANGIJA: KINGA ILIYOGEUKA UKUTA

Sasa turudi kwenye lile la kurudi kwao. Mnakumbuka miaka ile ya 2006 mpaka 2009 na kuendelea, mauaji ya watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya imani za waganga na tamaa ya utajiri. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia bungeni kwetu. Serikali ikaanza kuwakusanya watoto kwenye shule zenye mabweni ili wasiuawe: Buhangija kule Shinyanga, Mitindo kule Misungwi, Kabanga kule Kasulu.

Kwa wakati ule nani angepinga? Mtoto anawindwa, unamficha. Maisha yaliokolewa, na hilo lisemwe. Lakini Buhangija ikajaa kupita uwezo wake. Watoto wadogo sana waliletwa wakakulia pale. Wengine wazazi hawakurudi tena kuwaona. Mwingine mama anataka kuja, nauli hana. Miaka inaenda, mtoto anasahau lugha ya kwao, anasahau sura ya mdogo wake, na kijijini nako wanazoea kuishi bila yeye. Julai 2017 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya ualbino, Ikponwosa Ero, ambaye mwenyewe ni Mnigeria mwenye ualbino, alitembelea nchi yetu. Alitambua juhudi zilizofanyika, ila akasisitiza kwamba vituo hivi vilikuwa vya muda, na watoto wanatakiwa kuunganishwa tena na jamii zao pale usalama unapopatikana.

Mnaona mtego? Kilichojengwa kumkinga mtoto kilikuwa kinamfundisha kwamba duniani hana kwao. Na kijiji nacho kinajifunza kwamba mtoto wa namna hii mahali pake ni bwenini, siyo hapa kwetu.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa mwaka 2009, unasema jambo ambalo ningependa liandikwe kwenye kila ofisi ya kata: umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Kama tatizo ni chakula, ada na mafuta ya ngozi, peleka hivyo nyumbani. Kama nyumbani hakukaliki, tafuta ndugu. Ndugu hakuna, kuna familia za kuaminika zinazoandaliwa na ustawi wa jamii kupokea mtoto. Makao yawe ya mwisho, na kwa muda.

KWA HIYO BUIGIRI IFUNGWE?

Najua kuna mdau ataniuliza hivyo, na ni swali la haki. Wapo wanaosema shule za bweni za peke yake zote zife, kila mtoto asome shule ya kijijini kwao na wenzake. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu inaelekea huko, na mwaka 2022 ilitoa mwongozo wa kuondokana na taasisi za kulaza watu.

Mimi naona hivi. Shule ya kijijini ikiwa na wanafunzi tisini kwenye darasa moja, haina mashine ya nukta nundu hata moja, na mwalimu hajawahi kufundishwa kuisoma, mtoto asiyeona atakaa pale kama mzigo kwenye kona. Huko siyo kujumuishwa, ni kuhudhuria. Nukta nundu inataka mwalimu, mashine, karatasi nzito na vitabu, na kwa sasa vitu hivyo bado vimekusanyika sehemu chache. Hata Louis Braille mwenyewe, aliyebuni maandishi hayo mwaka 1824 akiwa na miaka 15, alikuwa mwanafunzi wa bweni la wasioona Paris. Ukiifunga leo bila kupeleka hivyo vijijini, mtoto atarudi kwao kuchunga mbuzi, na mwingine atafichwa ndani.

Ila ukiiacha ilivyo, ukaridhika, nako umekosea. Njia ya katikati ipo. Shule kama hizo zigeuke vituo vya kulisha ujuzi: walimu wao wazunguke shule za wilaya, mashine ziazimishwe, watoto wa jirani wanaoona waje kusoma humo humo. Mtoto akishajua nukta nundu na kutumia fimbo nyeupe, ahamie shule iliyo karibu na kwao. Na anapokuwa bwenini, kamba ya kwao isikatike: nauli ya likizo iwe kwenye bajeti ya shule kama chakula kilivyo, mzazi apigiwe simu kila wiki mtoto aongee naye, na mdogo wake aje siku ya wazazi.

SISI VIJANA TUNAINGIA WAPI?

Hapa ndipo tunapohusika moja kwa moja. Siku ya kuzaliwa, Valentaini, Idi, Krismasi, tunachanga hela, tunanunua sabuni, sukari na biskuti, tunavaa fulana zinazofanana, tunakwenda kituoni. Saa mbili tumemaliza, picha mia tatu, jioni ziko mtandaoni. Nia siyo mbaya. Ila fikiria wewe ndiye mtoto pale: kila Jumamosi wageni wapya wanakubeba, wanakupenda kwa saa mbili, wanaondoka, hawarudi. Na miaka kumi baadaye mchumba wako anaikuta picha yako, umeshika kipande cha sabuni, chini imeandikwa "yatima wetu".

Basi tufanye hivi:

1. Piga simu kwanza, uliza wanahitaji nini. Inawezekana sukari imejaa stoo na kinachokosekana ni pedi, kofia pana au nauli za likizo.

2. Uliza leseni. Siyo ukorofi, ni kumlinda mtoto. Ukiona mambo ya ajabu, afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri, na dawati la jinsia na watoto lipo polisi.

3. Sura za watoto usizipige picha wala kuzirusha.

4. Usimuulize mtoto "wazazi wako walikufaje?" Muulize anashabikia timu gani.

5. Nenda mara nyingi na watu wachache, badala ya mara moja na basi zima. Jumamosi moja kila mwezi, watu wawili, mkawasomee vitabu wasioona au mfundishane kompyuta, inatosha kabisa.

6. Na jambo kubwa kuliko yote: mtoto mwenye ulemavu aliyeko mtaani kwako, kwao, na mama yake. Mama huyo akipata wa kumshikia mtoto aende gengeni, na mtoto akipata wa kucheza naye, huenda asifike kituoni kabisa.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Uliyelelewa makao au uliyesoma shule ya bweni ya wasioona, viziwi au mchanganyiko, tuambie wewe mwenyewe: kipi kilikusaidia, kipi kilikuumiza? Jina lako siyo lazima uliweke, na majina ya watoto na ya vituo tafadhali msiyataje kwenye malalamiko, hayo yapelekwe yanakohusika. Asiyekubaliana nami kuhusu shule kama Buigiri naye aseme, tubishane kwa hoja.

Tuko pamoja.